Gleichberge: Vilima Viwili, Jiwe Moja na Msitu Unaorudi

Kusini mwa jimbo la Thuringia, katika eneo la kati la Ujerumani, karibu na mji mdogo wa Römhild, viko vilima viwili vilivyosimama bega kwa bega ambavyo kwa pamoja huitwa Gleichberge. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani, yaani gleich, lenye maana ya kulingana au kufanana, na Berge, lenye maana ya milima, kwa kuwa anayevitazama kutoka mbali huviona kama mapacha. Hata hivyo kimoja kimemzidi mwenzake kimo: Großer Gleichberg, yaani Gleichberg Kikubwa, kina mita 679 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kleiner Gleichberg, yaani Gleichberg Kidogo, kina mita 641. Kati yake pana shingo ya ardhi iliyoinama inayoviunganisha. Vyote viwili huinuka zaidi ya mita 300 juu ya uwanda wa Grabfeld, nchi ya mashamba na vijiji iliyo kati ya milima ya Rhön upande wa magharibi na safu ya Thüringer Wald upande wa kaskazini-mashariki, na kwa kuwa uwanda huo umelimwa kwa maelfu ya miaka, msitu umebaki juu ya vilima kama nguo juu ya mabega.

Msitu huo ni mtulivu na mnene kiasi kwamba ni rahisi kudhani kuwa umekuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia, na kwamba binadamu ni mpita njia tu ndani yake. Historia inaonyesha vingine. Miti iliyopo leo imeota juu ya kuta zilizobomoka, juu ya nyua za nyumba zilizohamwa, juu ya malisho ya kale na juu ya mashimo ya wachimba mawe, na kila kizazi kilichopanda vilima hivi kilifuata kitu kilekile kimoja, ambacho ni jiwe jeusi la basalti. Kwa hiyo kusimulia habari za msitu wa Gleichberge ni kusimulia habari za jiwe hilo: jinsi lilivyopanda kutoka tumboni mwa ardhi, jinsi lilivyorutubisha udongo, jinsi lilivyojengwa kuwa ngome na jinsi lilivyopondwa kuwa kokoto.

Msingi wa vilima hivi ni matabaka ya miamba laini ambayo wanajiolojia wa Ujerumani huyaita Keuper, yaliyotandazwa katika kipindi cha Triasi, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Matabaka hayo yamefanyika kwa udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, jasi na mawe ya mchanga, na ndiyo yanayoipa nchi ya Grabfeld mabonde yake mapana na miinuko yake ya taratibu. Muda mrefu sana baadaye, katika kipindi kiitwacho Miosini, ganda la dunia katika sehemu hiyo lilipasuka kwa nyufa nyingi nyembamba zinazoelekea takriban kaskazini na kusini, na rojo la moto likapanda kupitia nyufa hizo na kugandia ndani yake. Mkusanyiko wa nyufa hizo zilizojaa jiwe la volkeno huitwa Heldburger Gangschar, kwa jina la mji wa Heldburg ulio kusini-mashariki, ambako ngome maarufu ya watawala wa zamani imesimama juu ya kilima cha mwamba mwingine wa volkeno uitwao fonoliti.

Mahali palipo na Gleichberge, rojo hilo lilikuwa jingi na liliganda kuwa basalti, jiwe zito na gumu lenye rangi ya kijivu kinachokaribia weusi. Wakati huo uso wa nchi ulikuwa juu zaidi kuliko ulivyo sasa, na pale vilipo vilima hapakuwa lazima pawe pa juu kuliko majirani zake. Mvua, mito na baridi viliendelea kuula mwamba laini wa Keuper kwa mamilioni ya miaka hadi nchi nzima ikashuka, lakini basalti ilikataa kuliwa na kuukinga mwamba laini uliokuwa chini yake kama kofia inavyokinga kichwa. Hivyo vilima havikuinuka. Nchi iliyovizunguka ndiyo iliyoshuka na kuviacha vimesimama.

Enzi ya barafu ilikamilisha umbo lake. Mabamba makubwa ya barafu ya kaskazini hayakufika Grabfeld, lakini baridi kali iliingia katika mipasuko ya basalti, maji yakaganda na kutanuka, na mwamba ukavunjika kuwa vipande vya ukubwa wa kichwa cha mtu, wa gunia na wa meza, ambavyo viliporomoka mitelemkoni na kulala humo kwa malundo. Wajerumani huyaita malundo hayo Blockmeer, yaani bahari ya mawe. Baadhi ya sehemu zake hazina udongo kabisa, na hewa baridi hujificha katika mianya iliyo kati ya jiwe na jiwe, hivyo kuvumwani na kangaga huota hapo zaidi kuliko mti wowote. Kwenye kingo za bahari hizo, na mahali ambapo majani yaliyooza yamejaza mianya kwa karne nyingi, basalti iliyochakaa hutoa udongo wenye rutuba unaoshinda kwa mbali ule wa mawe ya mchanga.

Tofauti hiyo ya udongo ndiyo iliyogawa miti. Baada ya enzi ya barafu kumalizika, takriban miaka 11,700 iliyopita, Ulaya ya kati ilifunikwa kwanza na miti inayovumilia baridi, ikafuatiwa na vichaka vya mti uitwao Hasel, kisha na misitu ya mialoni na miti mingine ya majani mapana. Mti uitwao Buche kwa Kijerumani, ambao hapa utaitwa mbuche, ulichelewa kufika kutoka kusini, lakini ulipofika ulikuwa na silaha ambayo wengine hawakuwa nayo: mche wake unaweza kungoja miaka mingi gizani chini ya miti mikubwa, na ukishapata nafasi hutandaza matawi mapana yanayowanyima mwanga majirani zake. Kwa sababu hiyo mibuche ndiyo inayotawala mitelemko ya Gleichberge yenye udongo wa kina. Mibuche hushindwa tu pale penye mawe yasiyotulia, na hapo ndipo hukaa miti iitwayo Linde, Ahorn na Esche, ambayo mizizi yake hushika vizuri katika mianya na ambayo huchipua upya shina linapovunjwa na jiwe linaloporomoka. Chini zaidi, kwenye udongo mzito wa Keuper unaokauka kiangazi, mialoni huendelea kushika nafasi yake.

Mibuche ilikuwa ingali ikieneza utawala wake wakati binadamu alipoanza kuvitumia vilima hivi kwa makazi. Mabaki ya mwisho wa Zama za Shaba, takriban miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa Kristo, yanaonyesha kuwa watu walikwisha kukaa na kujenga maboma hapo. Makazi makubwa zaidi yalikuja baadaye, kuanzia karne ya 6 KK, juu ya Gleichberg Kidogo, mahali panapoitwa Steinsburg, jina linalounganisha Stein, yaani jiwe, na Burg, yaani ngome. Wajenzi wake wanahesabiwa miongoni mwa Wakelti, jamii za Zama za Chuma zilizoenea kutoka Ufaransa hadi nchi za mto Danube, na Steinsburg ilikuwa karibu na mpaka wa kaskazini wa utamaduni wao. Wanaakiolojia hugawa wakati huo katika vipindi viwili vilivyopewa majina ya mahali yalipogunduliwa mabaki mengi, yaani Hallstatt, mji wa Austria, na La Tène, ufuko wa ziwa nchini Uswisi.

Ngome hiyo ilijengwa bila chokaa wala udongo wa kuunganishia. Waashi waliokota basalti iliyokwisha kuvunjwa na baridi, wakapanga mawe makubwa kwa nje yakiwa yamefungana kwa uzito wao wenyewe, kisha wakajaza madogo nyuma yake; ufundi huu huitwa ukuta wa mawe makavu. Kuta zilizunguka kilima kwa safu, kutoka chini hadi karibu na kilele, na urefu wake wote kwa pamoja hukadiriwa kuwa takriban kilomita 10, zikifunga eneo la zaidi ya hekta 60. Kazi ya ukubwa huo haikuwezekana bila jamii yenye uongozi, yenye akiba ya chakula na yenye mikono mingi iliyotii ratiba moja. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo makazi haya yalikuwa aina ya mji ambao waandishi wa Kirumi, akiwemo Julius Caesar, waliuita oppidum, yaani mji wenye ngome ulio kitovu cha biashara, ufundi na utawala.

Vitu vilivyookotwa ndani ya kuta hizo vinaeleza maisha ya wakazi wake kuliko kuta zenyewe. Kuna bizimu za shaba na chuma zilizofungia mavazi, vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa gurudumu, shanga za kioo, mawe ya kusagia nafaka, na zana nyingi za chuma za mkulima, seremala na mhunzi. Zana hizo pia ni ushahidi kuhusu msitu. Kila kipande cha chuma kilitaka mkaa mwingi wa kuyeyushia na kufulia, kila nyumba ilitaka nguzo na kuni, na kila ukuta ulitaka mtelemko wazi mbele yake ili mlinzi aone adui anayekuja. Kwa hiyo Gleichberg Kidogo cha Wakelti lazima kilikuwa kilima chenye moshi, mifugo na visiki, na kivuli cha mibuche kilikuwa kimerudishwa nyuma mbali na kilele.

Katika karne ya 1 KK Steinsburg ilihamwa. Wakati huo miji mingi ya Wakelti ya Ulaya ya kati ilikuwa ikififia, huku jamii za Wagermani zikisogea kutoka kaskazini na majeshi ya Roma yakiiteka Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kilima kilipokosa watu, msitu ulirudi: mbegu nyepesi zilizoletwa na upepo zilitangulia, zikafuatwa na mialoni, na mwishowe mibuche ikafunika kila kitu. Mizizi ilipenya kati ya mawe na kuangusha sehemu za kuta, lakini majani na udongo vilihifadhi kwa zaidi ya miaka 1,800 vitu vilivyoachwa sakafuni. Kwa muda wote huo msitu ulikuwa ghala lisilo na mlinzi wala ufunguo, na hakuna aliyeweka akiba hiyo kwa hiari.

Katika Zama za Kati vilima viliingia chini ya watawala wa ukoo wa Henneberg, ambao tawi lao moja lilikaa Römhild hadi lilipokatika mwaka 1549. Baadaye ardhi hiyo ilipita mikononi mwa koo mbalimbali za Saxony, ikawa kitovu cha utawala mdogo wa Sachsen-Römhild kati ya 1680 na 1710, na kuanzia 1826 ikawa sehemu ya utawala wa Sachsen-Meiningen. Kwa mwanakijiji, kubadilika kwa mtawala kulikuwa na maana ndogo kuliko swali la nani ana haki gani msituni. Nguruwe waliingizwa humo wakati wa vuli ili wanenepe kwa mbegu za mialoni na mibuche. Ng'ombe walilishwa chini ya miti. Majani makavu yalisombwa kuwa matandiko ya zizi na baadaye mbolea ya shamba, jambo lililoondoa rutuba ya msitu na kuihamishia shambani mwaka baada ya mwaka.

Kuni zilipatikana kwa utaratibu ulioenea katika sehemu nyingi za Ujerumani uitwao Mittelwald, yaani msitu wa kati. Katika utaratibu huo miti midogo ilikatwa karibu na ardhi kila baada ya miaka kadhaa na kuachwa ichipue kutoka kwenye visiki, ilhali miti michache mirefu, hasa mialoni, iliachwa isimame kwa miongo mingi ili itoe mbao za kujengea. Utaratibu huu uliipendelea miti inayochipua kwa urahisi na kuinyima nafasi mibuche, ambayo visiki vyake hudhoofika upesi. Vita vya Miaka Thelathini, kuanzia 1618 hadi 1648, vilivunja mpango huo kwa ukatili, kwa sababu nchi ya Henneberg ilikuwa miongoni mwa zilizoteketezwa vibaya zaidi, watu wengi walikufa kwa njaa, tauni na upanga, na mashamba yaliyokosa mkulima yalimezwa na vichaka. Kwa mara nyingine msitu ulipanuka kwa sababu binadamu alikuwa ameangamia.

Amani iliporudi, hofu iligeuka kuwa ya kukosa miti. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi katika mji wa Freiberg, Saxony, alichapisha kitabu kiitwacho Sylvicultura oeconomica, ambamo alisisitiza kwamba miti isikatwe kwa wingi unaozidi ule unaoweza kuota tena. Wazo hilo lilipata makao ya karibu sana na Gleichberge. Heinrich Cotta, aliyezaliwa mwaka 1763 huko Zillbach, kusini mwa Thuringia, alianza kuwafundisha vijana elimu ya misitu kijijini kwake kabla ya kuhamia Tharandt mwaka 1811, na Johann Matthäus Bechstein aliongoza shule ya misitu huko Dreißigacker, pembezoni mwa Meiningen, tangu mwanzo wa karne ya 19. Kutokana na shule kama hizo msitu ulipimwa, ukagawanywa kwa vitalu, ukahesabiwa umri na ukapangiwa ramani; misitu mingi ya visiki ikageuzwa kuwa misitu ya miti mirefu, na misonobari iitwayo Fichte, inayokua haraka na kunyooka vizuri, ikapandwa mahali pengi ambapo maumbile hayakuwa yameiweka.

Elimu hiyo haikubaki Ulaya. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani katika Usambara mwaka 1902, na ilipotoa sheria ya kulinda misitu ya Afrika Mashariki mwaka 1904, ilileta fikra zilezile za vitalu, mipaka na misitu ya akiba, lakini bila kuwapa wenyeji nafasi katika uamuzi. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kwa uzito, kwa kuwa mpaka wa msitu uliochorwa ofisini unaweza kuokoa miti na papo hapo kumnyang'anya mtu malisho, kuni na makaburi ya wazee wake, na hata wanavijiji wa Ujerumani walikuwa wamepoteza haki zao za kale za msituni kwa utaratibu huohuo.

Wakati msitu wa Gleichberge ulikuwa ukipimwa kwa uangalifu, jiwe lake lilianza kutolewa bila kipimo. Barabara za karne ya 19 zilihitaji kokoto ngumu, na watu walitambua kwamba Gleichberg Kidogo kilikuwa na maelfu ya mawe ya basalti yaliyokwisha kuvunjwa na kupangwa, yakingoja tu kubebwa. Kufika kwa reli mwishoni mwa karne hiyo kulirahisisha usafirishaji, na kuta zilizokuwa zimestahimili karne zaidi ya kumi na nane zilianza kutoweka kwa kasi ya nyundo. Wafanyakazi walipoinua mawe walikuta bizimu, mundu na vigae, na daktari mmoja wa Römhild aliyeitwa Jacob alivikusanya vitu hivyo, akaandika habari zake na kutangaza umuhimu wake kabla havijatawanyika.

Baadaye Alfred Götze, mwanaakiolojia aliyefanya kazi katika makumbusho ya Berlin, alianza uchunguzi wa Steinsburg karibu na mwaka 1900, akachora ramani za kuta, akachimba kwa utaratibu na kupigania uhifadhi wa zilizobaki. Mwaka 1929 lilifunguliwa Steinsburgmuseum, jumba la makumbusho lililojengwa kwenye shingo ya ardhi iliyo kati ya vilima viwili, ili vitu vilivyotoka kilimani vibaki miguuni pake. Uchungu wa habari hii ni kwamba maarifa mengi kuhusu mji huo yalipatikana kutokana na uharibifu wake wenyewe, kwani nyundo iliyofichua bizimu ndiyo iliyoondoa ukuta, na jiwe likishatandikwa barabarani haliwezi kusema tena lilikuwa la lango gani.

Gleichberg Kikubwa nacho kilikuwa na machimbo ya basalti, na hapo ndipo jiwe lilipogeuzwa kuwa chombo cha mateso. Kuanzia 1943 hadi 1945 polisi wa siri wa utawala wa Nazi, waliojulikana kama Gestapo, waliendesha huko kambi waliyoiita ya mafunzo ya kazi. Wafungwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka Muungano wa Kisovyeti, Poland na nchi nyingine zilizotekwa, walilazimishwa kuvunja basalti wakiwa na njaa na vipigo, na wengi walikufa au kuuawa. Kumbukumbu ya wahanga imewekwa, na miche ya msitu imeota katika machimbo yale, lakini ni wajibu wa mwandishi wa historia kusema wazi kwamba kijani hicho hakifuti kilichotendeka chini yake. Majina ya vilima hivi yanasema kwamba vinalingana. Historia haikuvilinganisha, kwa kuwa kimoja kinakumbukwa kwa watu waliojilinda kwa jiwe na kingine kwa watu waliosagwa nalo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilima vilibaki upande wa Ujerumani Mashariki, kilomita chache tu kutoka mpaka uliofungwa wa Bavaria, hadi nchi mbili zilipoungana mwaka 1990. Leo sehemu zake zimo katika hifadhi ya mazingira, njia za miguu huwaongoza wageni kati ya mabaki ya kuta, na vitu vya Wakelti vinaonyeshwa katika jumba la makumbusho. Hata hivyo swali la msitu halijafungwa. Ukame ulioanza mwaka 2018 uliua misonobari mingi ya Fichte katika Ujerumani ya kati baada ya wadudu wa magome kuishambulia ilipodhoofika, na hata mibuche, iliyodhaniwa kuwa mwenye nyumba asiyeng'oka, ilikauka vileleni katika sehemu nyingi. Wanamisitu sasa wanautazama kwa heshima mpya mchanganyiko wa Linde, Ahorn na mialoni, yaani ile miti iliyosukumwa pembeni kwenye mawe na kwenye udongo mkavu, kwa kuwa huenda ndiyo yenye uvumilivu unaohitajika.

Mara mbili vilima hivi vilipoachwa na watu, msitu uliota tena pasipo kuamriwa, na mara zote mbegu zilikuwapo karibu, udongo ulikuwapo na muda ulikuwapo. Ukuta wa mawe makavu hauna mbegu, na mtu aliyekufa machimboni hana chipukizi. Kwa hiyo anayepanda Gleichberg Kidogo na kuona mzizi wa mbuche umelikumbatia jiwe lililowekwa na mkono wa mwashi wa Kikelti anaona vitu viwili vyenye umri na hatima tofauti: mti ambao, ukitunziwa udongo wake, unaweza kurithiwa na mti mwingine, na jiwe lililopangwa ambalo, likiondolewa mahali pake, halirithiwi na chochote. Ulinzi wa vilima hivi unaanza katika kuijua tofauti hiyo.